Simu Isiyotoka Nyumbani

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Kisenyi sikwenda — nani atanunua chapati kwenye matope yale? Mafundi wa gereji wenyewe wanalala ndani ya magari ya wateja. Basi nikawa nyumbani simu kubwa ilipolia. Namba isiyo na jina! Mama akaruka kitandani kama msichana. Pokea, Monique, pokea!

Nimechoka na simu hii, jamani. Tunailea kama kichanga. Namba yake ndiyo iko kwenye faili letu kule ofisi ya wakimbizi, na siku wakituita kwenye interviu ya safari ya kuhamia ng'ambo watapiga hapo. Na wakipiga hawaachi namba ya kurudishia. Umekosa, umekosa. Kwa hiyo simu haitoki nyumbani, vijana wa mjini wasije wakainyakua. Mimi natembea na katochi kangu, kasimu kadogo ka vitufe, Mama anabaki analinda hiyo kubwa. Chooni anakwenda nayo. Wakongo wote wa Katwe hapa Kampala ndivyo tunavyoishi, nani atamcheka mwenzake?

Haikuwa ofisi. Kijana mmoja, sauti laini, anaitwa Jasper. Eti yuko kitengo cha ufundi cha kampuni ya simu. Eti simu yetu ina virusi, inaambukiza simu za watu, na laini itafungwa leo leo. Laini kufungwa! Nikamwambia, kaka yangu, nifanye nini? Akanielekeza nipakue programu fulani, anisaidie akiwa huko huko aliko. Nikapakua. Nisome tarakimu zilizotokea. Nikasoma. Basi kioo kikaanza kutembea chenyewe, kurasa zinafunguka, zinafungwa! Nikasema moyoni, huyu ni fundi kweli.

Kisha akasema kuna kodi, zile tarakimu za siri, itaingia kwa meseji, nimsomee upesi, nisikate, nisimwambie mtu. Kabla haijaingia — bando likaisha. Programu ikazimika, naye akakatika. Alipopiga tena nikamwomba radhi mimi! Samahani sana, kesho nitaweka bando. Akasema hakuna shida, dada.

Jumanne, 8 Oktoba

Nilikuwa naanika nguo nikamsimulia Laker, jirani yangu. Mume wake, Ongom, ni sajini wa polisi, na yeye mwenyewe amekulia kambi ya askari kwao kaskazini. Kiswahili chake ni amri tupu. Akaacha beseni lake chini. "Monique! Ile mutu si fundi. Ile mwizi kabisa! Kampuni gani inapigia wewe juu ya virusi? Hawa hata ukiwatafuta wao, hawapokei!"

Akaniuliza kama polisi mwenyewe. Alikuharakisha? Ndiyo. Alikataza kukata? Ndiyo. Alisema usiambie mtu? Ndiyo. Aliomba kodi? Ndiyo, Laker, ndiyo! Akapiga kofi hewani. Eti ile kodi ndiyo mlango wenyewe. Ukimsomea, anahamisha laini yako kwake, anajibu simu zako, anakuwa wewe.

Anakuwa mimi. Kwa hiyo ofisi ikipiga, atapokea Jasper. Nilikaa chini palepale, juu ya nguo mbichi.

Laker alizima data, akaifuta ile programu, akaniburuza mjini mpaka dukani kwa kampuni. Tulikwenda na simu imefungwa kiunoni mwangu ndani ya kitenge, Laker mbele anafukuza watu. Dada wa kaunta akasema wao hawampigii mteja kumsafishia virusi, na kodi haisomewi mtu, hata akijiita meneja. Akanibadilishia namba za siri zote. Akasema nyabo, umebahatika, bambi — ndivyo Waganda wanavyomhurumia mama wa watu.

Nimeokolewa na bando kuisha! Mara ya kwanza umaskini kunifaa kitu.

Mama sikumwambia. Atalala vipi?

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru wa Uganda. Redio za majirani zote zinahutubia. Nilikuwa nje nakaanga, watoto wako huku na huko, nikamsikia Mama ndani anacheka. Anacheka kabisa! Nikadhani shangazi kapiga kutoka Uvira. Nikamsikia anauliza: na wewe umeshakula, mwanangu?

Niliacha chapati kwenye moto. Ni Jasper!

Muda wote ule alikuwa naye. Amemwambia majina yetu, mimi, watoto wangu Emile na Esperance, na lake. Amemwambia tulikotoka, ninachouza na ninapouzia, mpaka pumu ya Emile. Mama ametoa yote kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Nilimpokonya simu nikakata. Nikapiga kelele. Mama, huyu ni mwizi! Akanitazama tu. Kumbe mwizi anauliza hali ya wajukuu? Si mlinifundisha wenyewe nipokee kila simu, niseme kwa adabu, nisiwachoshe wakubwa?

Kweli, tulimfundisha sisi. Ofisi ni wakubwa, Mama, usiwakatie, usiwe na haraka nao. Na jana, badala ya kumwambia, nikanyamaza. Kosa ni langu, halafu nikamfokea yeye mbele ya watoto wangu. Roho inaniuma. Hakula.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mama bado amenuna. Simu ameiweka juu ya kabati kama nyoka aliyekufa. Asubuhi alimtuma Esperance aniulize kama nimepika chai — na mimi nimesimama mbele yake!

Kisenyi mauzo mazuri. Nimemnunulia samaki mkavu wa kumbembeleza.

Ijumaa, 11 Oktoba

Samaki kamla. Hajanisamehe.

Jumapili, 13 Oktoba

Leo kanisani! Baada ya ibada nikasimama kwenye matangazo, nikaeleza habari ya Jasper. Nilidhani watanicheka. Hakuna aliyecheka. Kisha shemasi Aristide akainuka — Aristide huyu mwenye besi ya kutikisa mabati — akasema kwa sauti ndogo kwamba naye alipigiwa. Na kodi aliisoma. Siku hizi ukipiga namba yake anapokea mtu mwingine. Ndiyo namba iliyo kwenye faili lake. Amekwenda ofisini kuibadilisha, wamemwambia asubiri, na hajui kama waliwahi kumpigia katikati hapo. Mkewe alikuwa hajui. Alikuwa amekaa karibu naye, akaficha uso kwenye kitenge.

Fujo ikaanza. Wengine, basi tukate simu zote zisizo na jina! Wengine, kata wewe, sisi tunataka kusafiri! Kelele tupu. Ningekuwa Laker ningepiga filimbi.

Ndipo neno nikalipata. Nikasema: ofisi ikikupigia inataka nini? Inataka uje, na vitoto vyako na makaratasi yako, ukae kwenye benchi uonekane. Haina haja na simu yako. Mwizi hataki kukuona, yeye anataka kuingia. Basi anayetaka uje, msikilize. Anayetaka kuingia, kata.

Wakaimba haleluya! Wakanirudishia maneno yale yale kama pambio. Nilivimba kichwa, nisidanganye. Mama alikuwa benchi la mbele, anatikisa kichwa, anapiga makofi. Tulirudi tumeshikana mikono. Amenisamehe.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimerudi kazini nikakuta mazoezi nyumbani. Emile ni mwizi, ameshika ndala sikioni, anasema, halo bibi, simu yako inaumwa. Mama anapaza sauti: KATA! Anabonyeza hewani kwa kidole. Esperance anagaragara kwa kicheko. Nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Na Jasper akapiga kweli, saa ya chakula! Mama akapokea yeye. Akamwambia mwanangu, nitakuombea, lakini kwetu huingii. Akakata. Tukampigia vigelegele. Laker akaja mlangoni kuuliza nani ameolewa.

Jumatano, 16 Oktoba

Hakuna jipya. Unga umepanda tena. Mama ana furaha, amerudi kwenye ulinzi wake, anatembea na simu kifuani. Sasa anasema yeye ni askari kuliko Ongom. Ongom mwenyewe alipopita alimpigia saluti!

Alhamisi, 17 Oktoba

Niandike taratibu.

Nimefika jioni, nina njaa, karai bado liko kichwani. Mama kanipokea mlangoni anang'aa. Monique, leo nimemkata mwingine! Safari hii wametuma mwanamke. Nikasema hongera, askari wangu. Nikatua karai. Alisemaje? Namba ilikuwa imejificha, akasema Mama. Sauti ya utaratibu, Kiswahili cha kusoma. Hakutaja virusi, hao wamebadilisha mbinu. Aliuliza kama hapa ndipo kwa ile familia. Nikasema ndiyo. Akaanza kusoma majina yetu, moja moja.

Sikushtuka bado. Majina Jasper anayo, Mama alimpa. Nikasema ndiyo hao hao, wanauziana.

Mama akasema, hata mimi nilijua! Tena hawana aibu. Alipomaliza majina yetu akataja na la yule mtoto. Wezi wanachezea mpaka wafu! Hapo ndipo nikakata.

Yule mtoto. Princesse, mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama. Alipotea njiani tulipokuwa tunakimbia, usiku wa risasi, na hatujui yuko chini ya udongo au juu yake. Mama hajawahi kulitamka jina lile tangu tuvuke mpaka. Hata leo hakulitamka. Kwetu halisemwi, watoto wangu hawalijui.

Nikamuuliza polepole, nikijifanya napanga vikombe. Mama, siku ile ulimwambia Jasper habari zake? Akanitazama kama nimemtukana. Mimi? Nimtaje kwa mtu wa simuni?

Hakumtaja. Naamini. Mimi ndiye niliyelitaja, mara moja tu, ofisini, mbele ya mwanamke wa kompyuta aliyeniuliza kama kuna mwingine wa familia asiye nasi. Aliliandika herufi kwa herufi. Zaidi ya pale, jina lile halipo popote hapa Kampala.

Nikamuuliza, alisema chochote kingine, Mama? Akafikiri. Alianza kusema mje, mje siku ya... Lakini nilikuwa nimeshabonyeza. Si ulisema kata?

Nilisema kata. Nilisema na msikilize pia, Mungu wangu, nilisema yote mawili! Lakini nyumbani tulifanya mazoezi ya moja. Mwizi alikuwa Emile na ndala yake, na wa kuigiza ofisi hakuwepo.

Sina pa kurudishia simu. Kesho naenda getini kabla hawajafungua, nikasimame kwenye foleni. Nitamwambia nini mlinzi? Kwamba mlitupigia tukawafukuza? Watanielewa labda. Aristide walimwambia asubiri. Labda watapiga tena leo leo, labda kesho nikiwa foleni, na simu iko hapa na askari wake. Niibebe? Ikinyakuliwa njiani je? Nikimwachia Mama, lazima nimweleze kwa nini apokee. Na nikimweleza, atajua alichokifanya, na kwa jina la nani.

Naogopa. Nimekaa nyuma ya pazia naandika ili mikono ipate kazi.

Mama yuko uani na Laker. Namsikia anamsimulia kwa mara ya pili, anaigiza sauti ya yule mwanamke, ile ya utaratibu. Laker anacheka, anapiga mapaja, anasema mzee wewe komando. Mama naye anacheka. Tangu tufike nchi hii sijamsikia akicheka hivi, kwa kifua chote.

Sasa ananiita. Njoo Monique, njoo umwambie Laker nilivyomkata!

Nimejibu naam, Mama, nakuja.