Friji ya Lojing na Chungu cha Mbula

Jumatano, 1 Februari 1995

Taarifa muhimu kwa taifa, na kwa lokesheni yote ya Kalama: leo saa nne asubuhi, friji iliyo ndani ya gari la Musyoka, yaani mimi, imegandisha yai. Yai moja. Limepasuka. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.

Huku hakuna stima. Barafu ya mwisho kuonekana katika boma hili ilikuwa mvua ya mawe. Nimempelekea Mbula lile yai kwenye kisahani. Amelitazama, akauliza sasa atalipika vipi. Mke wangu hababaiki na makuu.

Gari lilikuwa la mzungu mmoja wa kupima mawe. Nimempikia na kumwendeshea miaka kumi na moja, kutoka machimbo ya Mlolongo mpaka Kithyoko. Kazi ilipoisha akarudi kwao, akaniachia: kitanda, jiko, sinki, friji, yote ndani ya gari. Watu wanaliita Lojing, kama nyumba ya wageni. Miaka hamsini na mbili, kitambi, na nina Lojing yangu.

Friji inatumia gesi. Nyuma yake kuna kamoto kadogo ka buluu, na huo moto ndio unaoleta baridi. Nimemweleza jirani yangu Mutua mara tatu. Bado anaamini namdanganya. Mimi mwenyewe sina hakika.

Alhamisi, 2 Februari

Barua ya binti yetu Ndinda imesomwa tena. Amejifungua wa pili, msichana. Wa kwanza alipewa jina la mama wa mumewe, ndivyo inavyotakiwa. Huyu sasa ni zamu yetu. Anaitwa Mbula. Kwa hiyo kuna Mbula mdogo huko Mwanza, ng'ambo ya ziwa, na Mbula mkubwa hajamtia machoni. Tarehe kumi na sita tunataka kupanda meli Kisumu, sisi na Lojing.

Shida ni dawa. Mbula ana ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa sita. Sindano asubuhi, sindano jioni. Dawa haitaki joto. Anaiweka kwenye chungu kilicho ndani ya chungu kikubwa, mchanga wenye maji katikati, gunia bichi juu. Nesi alimfundisha. Mimi kitu hicho kinaniudhi. Mwanamke ambaye mume wake ana friji, dawa yake inalala mchangani kama viazi.

Nimepiga simu bandarini kutoka posta ya mjini. Gesi ifungwe kabla gari halijaingia. Hakuna moto wa aina yoyote kule chini, kuna malori yamejaa mafuta. Gari likishafungwa minyororo mnatoka, mlango unafungwa, hakuna kurudi mpaka Mwanza. Usiku mzima na asubuhi yake. Betri nayo, injini ikizimwa, friji inaimaliza mapema. Nikauliza, sasa friji nifanyeje? Karani akacheka. "Mzee, beba chapati."

Mbula ametoa sharti. Hapandi meli na friji hiyo mpaka aone ikikaa mchana na usiku bila moto, na nyama isinuke. Nyama itangulie, dawa yake ifuate. Nimekubali. Kesho tutasafiri bila kuondoka.

Kitabu cha friji ni cha Kijerumani. Nafuata picha. Picha ya meli: moto umepigwa msalaba. Picha ya kabla ya meli: nyota nne za barafu. Nimezungusha kitufe mpaka nyota ya nne. Na nimemwomba anipe chupa zake mbili za akiba zilale humo usiku huu mmoja, moto ukiwa unawaka, zionje baridi ya kisasa. Asubuhi nizirudishe chunguni. Amenitazama sana. Amenipa.

Ijumaa, 3 Februari

Chupa mbili nimezirudisha chunguni alfajiri, Mbula akiwa bado amelala. Hakuna la zaidi.

Jaribio limeanza saa tatu. Ndani ya friji: paja la mbuzi, matumbo, maziwa lita mbili, barafu ya sufuria. Nimefunga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye kitufe tu. Nikanusa. Nikafunga mlango wa friji kwa plasta, mistari minne. Lojing iko katikati ya uwanja, juani. Bahari yote imekauka.

Mutua ameketi kwenye jiwe, abiria. "Kapteni, Mwanza bado?" Kila nusu saa. Adhuhuri akaleta shemeji zake wawili kutoka upande wa mtoni, kutazama friji ya moto. Wametembea tangu asubuhi. Mgeni anyimwe kuona? Nikafungua kidogo. Wakaingiza mikono. Mmoja akatoa kipande cha barafu, akakishika mpaka kikaisha. Plasta ikarudishwa.

Saa nane nikafungua kuona kama barafu ipo. Ipo. Saa kumi nikafungua kuona kama bado ipo. Jioni sikufungua kuona. Nilifungua kunywa maji.

Jumamosi, 4 Februari

Nimechukia nyama.

Saa tano asubuhi plasta imebanduliwa mbele ya mashahidi: Mbula na Mutua. Harufu ilitoka kabla ya mlango. Maziwa yamekatika na kumwagika. Damu imeshuka kwenye trei ya mboga, imeganda pembeni na katikati ni uji. Paja limeota utelezi, ukiligusa kidole kinateleza kama kwenye konokono. Matumbo siandiki. Matumbo yalikuwa yamevimba. Nzi walikuja kana kwamba wamealikwa kwa barua.

Mutua alisema, "Asi, Kapteni, abiria wote wamekufa." Akaenda kutapika nyuma ya ghala. Nilifurahi kidogo.

Nimesema ni mpira wa mlango umechoka. Mbula ameukagua mpira. Akazihesabu na alama za plasta. Tumechimba shimo, tumezika mbuzi mara ya pili; ya kwanza ilikuwa frijini. Nimesugua kwa sabuni, magadi, majivu, ndimu. Damu iliingia kwenye mkunjo wa mpira. Nimeitoa kwa kijiti, inatoka nyeusi, uzi mrefu. Chakula cha mchana sikula. Cha jioni sikula.

Chupa ya dawa iliyokuwa ikitumika imeisha. Jioni Mbula ameanza moja ya zile mbili.

Jumapili, 5 Februari

Kanisani watu walinisogelea, lakini kwa upande wa kuondoka. Benchi zima mimi na Mbula. Harufu imeingia kwenye kucha. Nikipeleka mkono usoni kuomba, nakutana na mbuzi.

Mbula ana kiu leo. Anasema ni jua. Sisimizi wamejipanga mstari mpaka kwenye beseni lake la kukojolea usiku. Nimesema ni maziwa yaliyomwagika jana. Maziwa yalimwagika kwenye gari, kule uwanjani. Beseni liko chumbani.

Nimefagia sisimizi. Wamerudi.

Jumatatu, 6 Februari

Nimeamka na harufu mpya. Si ya kuoza. Tamu, kama ndizi iliyoachwa kwenye gunia. Nimeenda moja kwa moja kwenye friji. Nimetoa rafu, trei, mlango wenyewe nikaung'oa kwenye bawaba. Nimesugua saa mbili. Nimeingiza kichwa ndani, nikanusa kona zote. Mbuzi yupo, ndizi hakuna.

Nikarudi nyumbani kuchukua maji ya moto. Harufu iko ndani ya nyumba. Nikaifuata na kitambaa mkononi, kama mbwa. Jikoni hapana. Kabatini hapana. Mbula alikuwa amelala kitandani saa nne ya mchana, yeye ambaye jua halijawahi kumkuta chini. Midomo imekauka. Nikainama kumuuliza kama anataka chai.

Ni pumzi yake.

Harufu ileile ya mwaka ule wa kwanza, kabla hatujajua ni sukari.

Jumanne, 7 Februari. Hospitali, mjini

Jana nilimleta kwa Lojing, Mutua akimshikilia kitandani nyuma asianguke. Mutua hakutania hata mara moja, njia nzima. Hilo ndilo lililonitisha.

Dripu mkono huu, sindano mkono ule. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda kilima. Nesi mzee akaomba aone dawa anayotumia nyumbani. Nikamwonyesha zile chupa mbili. Akainua moja kwenye dirisha, akauliza zilikaa wapi.

Nikamwambia: usiku mmoja frijini, nyota ya nne. Mbele ya Mbula, macho yake yakiwa wazi.

Nesi hakunipigia kelele. Alizitupa chupa zote mbili kwenye ndoo, akaenda kuleta nyingine. Afadhali angepiga kelele.

Najichukia kuliko matumbo.

Alhamisi, 9 Februari

Amekaa. Amekunywa uji. Sauti imerudi, ndogo. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumanne:

"Baba Ndinda, chungu kilikukosea nini?"

Nikamshikia kikombe.

Jumamosi, 11 Februari

Nyumbani. Sukari imetulia. Amepewa dawa mpya na onyo, onyo nikapewa mimi. Nimejaza mchanga mpya kwenye chungu, nimeuchekecha kwanza. Gunia nimelilowesha mwenyewe. Kila nikipita nagusa udongo wake. Baridi. Miaka sita na umekuwa hivyo, bila kitufe, bila nyota.

Mutua amekuja. Amesema anaomba kazi ya baharia, lakini kwenye chungu. Mbula amecheka mpaka akashika ubavu.

Tarehe kumi na sita imefutwa. Nilidhani safari imekufa. Mbula amesema hapana, meli ya wiki inayofuata, ikiwa nesi ataruhusu. Mtoto ana jina lake, na jina halikai bila mwenyewe.

Jumanne, 21 Februari

Nesi ameruhusu. Kesho tunaondoka. Friji imebaki tupu. Mutua ameniuliza kama nitabeba nyama kidogo ya njiani. Nikamtukana kwa Kikamba, ambacho kina nafasi zaidi. Tumebeba chapati.

Ijumaa, 24 Februari. Melini, asubuhi

Ziwa limetulia. Upande ule kuna mawe makubwa majini. Wanasema Mwanza haiko mbali. Mbula ameketi kwenye benchi, chungu kati ya miguu. Ni pacha mdogo wa kile cha nyumbani, chungu ndani ya chungu, kimekaa ndani ya kiondo. Amekishika tangu Kisumu. Akimaliza kuzungumza na mtu, anachovya vidole kwenye kikombe, anakinyunyizia maji. Sindano ya asubuhi amejidunga hapa hapa, amenigeuzia mgongo.

Gari liko chini, limefungwa minyororo. Gesi nilifunga kwenye mtungi kabla ya kuingia, nikaondoa na mpira wake. Nikarudi kuangalia mara tatu, mpaka baharia akaniuliza nimepoteza nini. Mlango wa friji nimeuacha wazi, umeegemezwa kijiti. Bado inanuka mbuzi.

Sasa ile Ijumaa ya tarehe tatu. Niliandika hakuna la zaidi. Lilikuwepo.

Niliamka saa kumi na moja. Chupa mbili zilikuwa nyuma kabisa ya friji, zimeegemea bati la barafu, mahali nilipozipanga kwa mkono wangu kwa sababu ndipo palipokuwa na baridi kuliko kote. Dawa ilikuwa nyeupe na ngumu. Nikaitikisa chupa, haikusogea. Nesi alituambia sote wawili, mwaka ule wa kwanza: joto linaidhoofisha, kuganda kunaiua, ikiyeyuka itupwe. Nilikuwepo. Niliitikia kwa kichwa.

Nikazitia kwapani, moja kila upande, nikaketi kwenye ngazi ya gari kama kuku anayeatamia. Zikayeyuka. Zikaonekana zilezile. Nikazipanguza, nikaziweka chunguni, nikalainisha mchanga pale nilipokuwa nimeuvuruga.

Sikusahau. Wala sikukosea. Nilijua, na sikufikiri atakufa, kwa sababu sikujiruhusu kufikiri hata kidogo. Nilichofikiri ni kwamba atasema hapandi meli na friji yangu, na Mutua atacheka. Jumamosi alipovuta dawa ile kwenye sindano nilikuwa nasugua trei, nikaendelea kusugua. Friji nayo haikuwa na makosa. Mpira wa mlango ni mzima. Niliufungua mlango mara nne ili nionekane. Na Jumapili, Mbula alipoomba maji mara ya tano, nilijua kabisa ni kiu gani. Nikamletea maji.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Daftari hili halijawahi kusomwa na mtu. Nimempa Mbula. Amesoma polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikisogea. Amefika mwisho, akarudi nyuma kidogo, akaweka kidole pale nilipoandika maji.

"Si tano," amesema. "Saba."

Akanirudishia daftari. Kisha akanipa kikombe, maana maji yameisha na chungu kimeanza kukauka.