Mteremko Uliofagiliwa

Jumatatu, 10 Machi

Wageni wa msiba wameondoka, amebaki mama mkwe. Nyumba safi kupita kiasi. Mpaka mteremko wa nyuma, tulipomzika mume wangu — mawifi wamefyeka, wameng'oa hadi mizizi, wakafagia. Udongo mtupu, na mistari ya ufagio. Wifi mkubwa alisema kaka yake hawezi kulala porini.

Niliwaona waking'oa. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikaendelea kunywa. Na kazi yangu ni kupima udongo unaochukuliwa na mvua!

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi kazini, kituo cha utafiti wa udongo. Jana ilinyesha kidogo. Tuna vipande viwili vya ardhi kwenye mwinamo mmoja: kimoja cha majani, kingine tunakipalilia kibaki uchi. Pipa la kukinga maji chini ya kila kimoja. La majani — maji tu, yana rangi kidogo. La uchi — tope, nimelitoa kwa koleo.

Mkuu wa kituo akauliza kama nilipata usingizi. Nikasema nilipata. Silii. Nimekuwa kama gogo.

Ijumaa, 14 Machi

Jua kali. Nimetandaza nyasi kavu kaburini na mteremko mzima. Narudi kutoka kuoga, mama mkwe anazichoma. Eti namrundikia mwanawe takataka. Nikamweleza: tone likipiga udongo mtupu linauvunjavunja, maji yanauzoa. Majani hulipokea kwanza. Akasema hayo ni ya kazini kwenu, mwanangu.

Nikaenda kulala. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Jumapili, 16 Machi

Mvua tangu mchana, na si ya mchezo. Vijifereji kila mahali, kimoja kinapita ubavuni mwa kaburi. Tuta limemeguka upande wa miguu. Tope limefika mlango wa jikoni.

Mama mkwe yuko nje na karai. Anachota tope la mlangoni, anapanda nalo, analimwaga kaburini. Linashuka tena. Nimemwita: mama, ingia, utaugua. Akasema udongo huu ulikuwa juu ya mwanawe, hawezi kuuacha ukanyagwe jikoni.

Ameteleza, ameinuka. Sasa anauliza zile nyasi zangu nyingine ziko wapi.

Hakuna nyingine. Kila kitu humu ndani nimeangalia, kinachofaa kufunika ni blanketi la mume wangu tu. Sijalifua. Bado linanukia yeye. Nimelipakata hapa huku naandika, na machozi ndiyo kwanza yanatoka.

Mama anaita.