Badilisha Udongo wa Nyanya

Makokha,

Chai iko kwenye chupa, mama yako ameshakunywa yake. Ukitoka kazini, itoe miche ya nyanya kwenye jerikeni za barazani kabla mizizi haijaungua. Leo asubuhi mama alizijaza mbolea mbichi ya kuku, bado inanuka. Mwaga udongo wote. Changanya mwingine: makarai mawili ya udongo mweusi, karai moja la samadi iliyooza, ile ya kwenye gunia nyuma ya jiko, na mchanga nusu karai. Nyunyizia maji kidogo. Ukiufinya mkononi ushikane, ukiugusa uvunjike. Na uzibue matundu ya chini ya jerikeni, maji yasisimame, kisha uirudishe miche.

Nilimwambia kwa upole, "Mama, hiyo itaua miche." Akanijibu, "Mwanamke ambaye hajazaa ndiye atanifundisha kuotesha?" Ulisikia. Ulikuwa hapo mlangoni unavaa viatu. Ukafunga kamba ya kiatu cha pili, ukasema unachelewa.

Nitarudi jioni. Hapana, hayo nimeyafuta. Nalala kwa dada Vera, kule Nakawa.

Miaka yote hii nimenyamaza mbele ya mama yako kwa sababu uliniomba asijue daktari alisema shida ya kutopata mtoto iko kwa nani. Leo hata neno moja la kunitetea limekushinda. Basi mwambie mwenyewe usiku huu. Kesho nikirudi nikikuta hajui, nitamwambia mimi, na wewe ukiwa umekaa hapo hapo.

Mkeo,
Adero