Mwalimu wa Kike wa Hesabu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Miguu imevimba tena. Riziki, binti yangu, amebonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Sasa vidonge viwili badala ya kimoja. Nalala nimekaa, mito mitatu mgongoni.

Brenda alikuja asubuhi na sura ya nne ya tasnifu yake. Nimestaafu, lakini idara yangu ya chuoni bado inanitumia wanafunzi niwasomee kazi zao — nadhani ni ili nisijione nimeshakufa. Anatafiti wakulima wa mboga wa milimani wanaouza kwa simu. Binti mwepesi, ana utani. Kasema, shikamoo Dokta, nimekuletea dawa ya usingizi, kurasa sitini na mbili. Nikamwambia ndiyo hasa ninayoitafuta.

Naanza kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Ukurasa wa 31. Nimeusoma mara nne. Naunakili:

"Naweka picha kwenye stetasi, wateja wanapiga, napakia mzigo, nimemaliza. Kikundi sitaki. Tangu rafiki yangu aniuze kazini, sishirikiani na mtu." (Mshiriki Na. 11, mwanamke, miaka 59, mwalimu wa hesabu wa zamani, mkulima wa karoti na stroberi, njia ya Mgeta.)

Chini yake Brenda kaandika kwamba kutoaminiana ni kikwazo kikubwa cha wakulima kuungana mtandaoni.

Ni Paskalia. Hawezi kuwa mwingine. Mwaka 1993, shule ile ya huko mlimani niliyoifanyia utafiti ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa kike wa hesabu.

Na huyo rafiki hakumuuza. Nilimuuza mimi.

Nimeliandika. Sikuwahi kuliandika popote.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nawadai wanafunzi.

Nilikuwa nafanya utafiti wa shahada ya uzamivu: utendaji wa walimu katika shule za msingi za milimani. Kufika shule ile ni kupanda kwa miguu kwa muda wa saa tatu. Paskalia alikuwa na miaka 27 na mtoto mchanga. Aliishi nyumba moja na Esther, mwalimu wa darasa la kwanza, mchumba wa kaka yake Paskalia, Laurenti. Tulipokuwa tunazungumza Esther alikuwa jikoni anasonga ugali. Hapakuwa na mtu mwingine.

Nilimwahidi Paskalia kwamba jina lake halitatajwa. Akafunguka. Mwalimu mkuu anawatoa watoto kwenye vipindi vya hesabu wakambebee kabichi zake hadi barabarani. Siku ya mkaguzi, daftari la mahudhurio linaandikwa upya. Alisema yote hayo polepole, akimbembeleza mtoto.

Jina sikulitaja. Niliandika "mwalimu wa kike wa hesabu, miaka 27", nikataja na shule. Nakala moja ikaenda ofisi ya elimu, kama masharti ya kibali yalivyotaka. Niliona nimemficha vizuri. Kweli niliona hivyo.

Haikupita miezi miwili, Paskalia akapewa barua ya uhamisho. Kituo cha mbali, safari ya siku mbili, na mtoto wa kunyonya. Hakwenda. Akahesabiwa mtoro kazini, ajira ikakatika.

Nani aliyemsikia akisema? Esther tu. Paskalia hakuwa na haja ya kutafuta zaidi. Uchumba wa Laurenti ukavunjwa. Esther akatengwa na kijiji kizima mpaka akahama.

Uzembe wa mtafiti. Ndivyo nilivyojiambia miaka thelathini na miwili.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana niliruka kitu.

Kabla ya ile barua, afisa elimu wa wakati ule aliniita. Nikamkuta na mwalimu mkuu, ripoti yangu iko mezani, imefunguliwa ukurasa huo. Mimi nilikuwa nasubiri kibali cha awamu ya pili. Afisa akawa anamimina chai. Akauliza, kama anayeuliza habari za mvua: "Huyu wa hesabu si ndiye yule mama mwenye kichanga?"

Ningeweza kusema siye. Ningeweza kusema siruhusiwi kujibu.

Nilicheka. Nikasema, "Nyie ndio mnaowajua watu wenu." Wakacheka na wao. Kibali kikagongwa muhuri siku ileile.

Si uzembe. Nilijua nafanya nini wakati bado nacheka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mtaa wetu wote wa Mwembesongo uko kwenye maonyesho ya wakulima, kumekuwa kimya kama siku ya msiba. Baada ya sala ya Ijumaa imamu wetu alipita kunijulia hali. Tukazungumza habari za toba, maana mgonjwa wa umri wangu azungumziwe nini tena. Kasema yaliyo baina yangu na Mungu ni mepesi. Haki ya mja ndiyo nzito: hiyo mpaka mwenyewe asamehe.

Nikaitikia. Alipotoka sikuweza kunywa uji.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemwomba Brenda namba ya simu ya Mshiriki Na. 11. Amekataa. Kwa adabu, lakini amekataa.

"Dokta, nimemwahidi yule mama. Na wewe ndiye uliyetufundisha. Semina ya kwanza kabisa, ulipiga meza."

Niliipiga meza hiyo, ni kweli. Kila mwaka.

Basi ikabidi nimweleze sababu. Nilimweleza yote, na kicheko chenyewe. Utani ukamwishia usoni. Akavuta rasimu yake, akafungua ukurasa wa 31, akausoma kama umeandikwa na mtu mwingine. Akasema taratibu: "Na mimi nimefanya hivihivi. Umri, kazi, zao, njia." Akatoa kalamu akakata palepale, mstari juu ya mstari.

Namba hakunipa. Atapanda mwenyewe Jumatatu, amuulize kama yuko tayari kuzungumza nami. Akitaka, atapiga yeye. Ndivyo inavyotakiwa. Nimeona aibu kufundishwa, na nimeshukuru.

Riziki alisikia. Baadaye kanikalia mbele. Baba, la mwaka tisini na tatu leo linamsaidia nani? Watu wanakuheshimu. Wajukuu wako wanasoma kwa jina lako. Pumzika. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Jumatatu, 11 Agosti

Simu iko mapajani tangu asubuhi. Zimekuja jumbe tatu za promosheni.

Kwa kuwa nasubiri, niandike na la mwisho. Hili hata Brenda sikumwambia.

Mei 1994 Esther alikuja ofisini kwangu chuoni. Viatu vina udongo mwekundu wa huko juu. Hakukaa. Aliniomba barua, mistari miwili tu, kwamba maneno ya Paskalia hayakutoka kwake. Alisema, "Mwalimu, wewe unajua. Sema tu unajua."

Nikamjibu kwamba maadili ya utafiti hayaniruhusu kuzungumzia washiriki.

Akaitikia ndiyo, mwalimu. Akatoka, akafunga mlango vizuri, hakuubamiza. Mezani palikuwa na tasnifu yangu, inasubiri kutetewa mwezi uliofuata.

Jumatano, 13 Agosti

Amepiga! Sauti nzito kidogo, ileile. Brenda kamwambia tu kwamba mtafiti wa zamani anaumwa na ana neno lake. Anashuka Ijumaa na mzigo wa karoti, atapitia nyumbani. Akaniambia pole na maradhi.

Nikamwambia karibu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimechoka, lakini niandike kabla sijaanza kulainisha.

Paskalia alifika saa nne. Mnene kuliko zamani, nywele nyeupe mbele, simu mbili. Kabla ya kukaa alimjibu mteja mmoja kwenye simu: gunia haligawanywi mama, tafuta jirani mchangie. Akanigeukia, shikamoo, akaweka mfuko wa karoti mlangoni. Akamwambia Riziki kwamba baba yake ndiye mtu pekee aliyewahi kupanda mlima kumuuliza yeye maoni yake. Alisema kwa furaha.

Nikamwita Mwalimu Paskalia. Akasema, "Mwalimu nilikuwa."

Nikaanza. Ripoti. Ofisi ya elimu. Chai. Kicheko. Riziki akainuka akaenda jikoni, sikusikia vyombo vikigusana. Nikaendelea hadi Esther na udongo wa viatu vyake. Pumzi ilinikatika mara mbili, Paskalia akasubiri, hakunisaidia na hakunikatiza.

Nilipomaliza simu yake iliita. Aliizima bila kuitazama.

Akauliza jambo moja: Esther alikuja kwangu lini. Nikamwambia Mei tisini na nne. Akawa anahesabu kichwani, bado ni mtu wa hesabu. Halafu akaniambia yake. Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa wazazi wa Esther kusema uchumba umekwisha. Kwamba mwaka mzima baada ya hapo walisali kanisa moja, na padri akisema wapeane amani, Esther anamnyoshea mkono kutoka benchi la nyuma, yeye anageukia upande wa pili. Kila Jumapili. "Alinyosha mwaka mzima, mzee. Hakuacha."

Nikamwomba anisamehe. Nilimwomba kwa maneno yote niliyokuwa nayo.

"Sikupi," akasema. "Si kwa hasira. Mimi nilinyang'anywa kazi. Yeye alinyang'anywa watu. Huwezi kuanza na mimi."

Esther yuko Dumila. Ana genge la vitunguu na nyanya kando ya barabara, mkono wa kulia ukielekea Dodoma. Hakuolewa. Paskalia akipita na basi huvuta pazia.

Nikasema nitampigia Esther. Akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kikavu. Simu za siku hizi, mzee? Sauti usiyoijua inakuambia ina habari njema yako? Atajua ni tapeli, atakata. Utakwenda kwa miguu yako, umwambie kwa mdomo wako, na mimi nitakuwepo, maana na mimi nina langu la kumwambia.

Nikakubali. Aliondoka bila kuaga. Karoti ameziacha.

Jumapili, 17 Agosti

Daktari kakataa. Maji yamepanda hadi kwenye mapafu, moyo hausukumi. Kilomita sabini garini ni kujitakia. Ametaja kulazwa Jumatano.

Kwa hiyo ni kabla ya Jumatano.

Riziki amefungia vitambulisho vyangu kabatini, kama vile Dumila wanadai pasipoti. Tumegombana. Kaniambia nataka kumfia njiani ili nijisikie vizuri mimi. Hilo limenichoma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Nimelifikiria mchana kutwa. Ni kweli nataka kujisikia vizuri. Lakini hata nisingetaka, Esther bado angekuwa ananyoshewa kidole huko kwao, na aliye na maneno ya kumsafisha ni mimi tu, na nina siku mbili.

Nikamwambia hivyo. Akanikata kucha za miguu, maana mwenyewe siinami tena.

Jumanne, 19 Agosti

Dumila. Saa tano na robo. Naandikia kwenye goti, mwandiko unaruka.

Riziki alikodi gari, Noah, jana jioni bila kuniambia. Kaja nami kwa sharti moja: sishuki garini. Esther ataletwa dirishani. Paskalia tulimpitia stendi. Njia nzima hakuna aliyesema neno, dereva akadhani tunakwenda mazikoni, akazima redio.

Tumeegesha ng'ambo ya genge. Malori, mabasi ya Dodoma, wachuuzi wanakimbilia madirisha na mahindi ya kuchemsha. Nimemtambua kabla sijaonyeshwa. Kakonda, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Anachagua vitunguu, vibovu anatupa kwenye ndoo pembeni.

Paskalia amevuka. Amesimama mbele ya genge kama mteja. Nikamwona Esther akiinua uso kumuuliza anataka kiasi gani — halafu mikono ikasimama.

Sisikii kitu. Paskalia anasema. Anasema kwa muda mrefu. Esther amerudi kuchagua vitunguu, lakini sasa anatupa na vizima.

Amenyosha mkono. Paskalia, si Esther. Mkono uko hewani juu ya nyanya. Lori limepita. Bado uko hewani. Lori la pili.

Ameushusha. Anaonyesha gari letu. Esther ametazama huku, miwani ameivaa. Sijui kama ananiona, kioo kina vumbi.

Paskalia amerudi dirishani. Macho mekundu. Kasema Esther hakuupokea mkono kwa sababu anataka kwanza amsikie mwenye maneno. Na kwamba haji garini. "Mwambie ashuke. Mimi niko kazini, sifuati watu kwenye magari. Ofisini kwake nilikwenda kwa miguu."

Kisha Paskalia akavuka tena. Amekwenda kusimama upande wa ndani wa genge, si karibu na Esther, kuna makreti mawili ya nyanya kati yao. Mteja amekuja. Paskalia ndiye anayemfungia mfuko.

Ni hatua thelathini, pengine arobaini. Nyumbani kwenda msalani ni kumi na mbili, na napumzika katikati.

Riziki amesema hapana. Ameshuka, ameegemea mlango wangu kwa nje na mikono kaikunja, analia bila kugeuka ili nisimwone.

Mlango wa pili, wa upande wa barabara, haujafungwa.