Wageni Waliokataa Maji Yangu

Jumatatu, 3 Februari
Nimeosha mapipa mawili. Lori la maji limechelewa tena. Lilipofika, maji ya mtoni, rangi ya chai. Mjukuu wangu Poni akatia dawa ya kusafisha, tukangoja, sasa ni maji ya watu. Anafundisha sayansi chuo kikuu, na kila Jumamosi anaenda mtaa wa Gurei kuwaonyesha wanawake dawa hiyo. Mwanzoni walisema itafunga uzazi. Nikaenda nikanywa mbele yao. "Mimi nimezaa saba, inifunge nini tena?" Wakacheka. Tangu siku hiyo wanatia.

Jumatano, 5 Februari
Serikali inaunda cheo cha heshima. Mwanasayansi wa Taifa wa kuongea na watu wa kawaida. Mshahara hakuna. Heshima gani hiyo haina hata sabuni? Poni anasema itamfungulia milango: redio, shule, mitaa ya Bilpam ambako hana anayemjua. Kati ya walioomba, wamebaki yeye na daktari mmoja. Anakitaka mpaka chakula hakipiti. Kamati inakuja nyumbani Ijumaa kumwona.

Ijumaa, 7 Februari
Nina hasira.

Walikuja watatu. Suti. Kwetu mgeni haulizwi neno kabla hajapewa maji. Nikaleta sinia mwenyewe, glasi tatu. Mkubwa wao akatabasamu, akatoa chupa ya dukani kwenye mkoba. "Asante mama, tuna yetu." Wa pili vilevile. Wa tatu alishika glasi, akamtazama mkubwa, akairudisha. Mtu mzima!

Poni akanikanyaga mguu. Sikujali.

"Mnampima mtu anayefundisha nchi kusafisha maji, na maji yake mnayaogopa? Chukueni chupa zenu. Kalas, imetosha, tokeni!"

Wakatoka. Fomu hawakufungua.

Poni ameenda kulala na jua bado liko juu.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani sikuimba. Poni alikaa benchi la nyuma.

Alhamisi, 13 Februari
Redio imesema. Cheo amepewa yule daktari. Akaongea Kiingereza cha puani, dakika kumi, sikuambulia hata neno moja. Huyo ndiye wa kuongea na watu? Watu gani? Aibu kwao.

Lakini mlango wa Poni niliufunga mimi. Hilo nalijua, si lazima niambiwe.

Jumamosi, 15 Februari
Poni alikuwa anapanga dawa zake kikapuni. Nikamwambia nisamehe. Sijawahi kumwambia hivyo mtoto niliyemlea.

Nilidhani atalia au atanifokea. Akaendelea kupanga. "Haboba, bibi yangu, waliokataa ndio kazi yangu. Gurei yote ilikataa. Wale ungeniachia."

Nikamshikia kikapu. Mimi, mwenye mdomo huu.

Amepanda boda, ameenda Gurei. Nimefagia ua. Nimefagia tena.