Kwa Hedley Garthwaite, Aliyejua Kugeuza Shingo

Ninyi mnaopita juu ya Daraja la 114 kila asubuhi na mbwa wenu, mnaiona ile boti ya kijani iliyofungwa chini, moshi ukitoka kwenye bomba lake, na mnatazama pembeni. Mwaka jana mlitazama pembeni vilevile. Leo someni hapa gazetini, ingawa maneno haya hatuwaambii ninyi. Tunamwambia mwenye boti.

Hedley, mwaka umezunguka tangu tukubebe juu ya ubao. Tarehe tisa Machi imerudi na baridi yake ileile, na bata wako wamerudi kugonga dirisha la jikoni wakitaka maganda ya mkate. Mkeo Nerys huwafungulia. "Mwenyewe hayupo," huwaambia, "na mimi sina uvumilivu wake." Kisha huwapa mkate mzima.

Miaka ishirini na saba ulitembea kando ya mfereji huu ukiwa mkaguzi, na daftari la ofisi ya mfereji mfukoni. Kazi yako ilikuwa kuandika namba za boti zilizolala mahali pamoja zaidi ya siku kumi na nne. Ndiyo sheria yetu sisi tunaoishi botini bila gati la kudumu: wiki mbili, kisha usogee, na usogee mbele, si kurudi ulikotoka. Uliwaandika wengi, na hatutakuremba kwa kuwa umekufa. Wengine mpaka leo hawajakusamehe. Lakini ulipofika penye boti ya mgonjwa, au ya mama aliyejifungua juzi, ulisimama, ukageuza shingo, ukaanza kusifia mandhari ya ng'ambo.

Ossie muuza makaa bado anasimulia ya mwaka ule aliovunjika mguu.

"Bwana Hedley, namba yangu iko hapa. Mbona unaangalia kule?"

"Namba gani? Mimi naona mti. Mti mzuri kweli ule."

"Ile ni nguzo ya umeme, bwana!"

"Basi ni nguzo nzuri kweli."

Ukaenda zako. Wiki saba Ossie alilala palepale mpaka mguu ukaunga, na daftari lako halikujua lolote.

Ulipostaafu uliuza nyumba ukanunua boti. Nerys alishika kiuno. "Miaka yote nimekungoja urudi kutoka mferejini, sasa unataka nikufuate hukohuko?" Akakufuata. Akashona mapazia, akapanda vitunguu juu ya paa. Wewe ulishika usukani, yeye akashuka kusukuma malango ya maji, milango mizito inayokatiza mfereji, na kelele zenu tulizisikia kutoka mbali.

"Sukuma kwa makalio, bibie, si kwa mikono!"

"Makalio yangu hayamo kwenye sheria za ofisi!"

Miaka mitatu mliishi hivyo. Hatukumbuki kukuona ukicheka kiasi kile ulipokuwa na nyumba.

Kisha saratani ikaingia kwenye mifupa. Kilichokutesa zaidi ni mtetemo wa injini. Ulikuwa ukiuma taulo kila ilipowashwa. Ndipo tukaizima kabisa. Kila siku ya kumi na nne tulikuja na kamba ndefu, kama walivyofanya watu wa zamani kabla ya injini: Ossie mbele, mdogo wako Thirza nyuma yake, kisha majirani wa boti sita. Nerys alisimama juu na mti mrefu akiizuia boti isigonge ukingo. Tulikuvuta taratibu hata chai kwenye kikombe chako haikumwagika. Ulikuwa ukikinyanyua dirishani ili tuone.

Haikuwa lazima. Tuseme ukweli. Ofisi humwongezea mgonjwa siku akiandika barua na daktari akitia sahihi. Nerys alikuletea karatasi mara tatu.

"Andika, mzee. Mistari miwili tu."

"Nimeandika namba za watu miaka ishirini na saba. Leo nianze kuomba nisiandikwe?"

"Wewe mwenyewe uliwaachia wangapi?"

"Niliwaachia mimi. Wao hawakuniomba."

Nerys hukaa na jibu hilo mpaka sasa, mikono ikizunguka kikombe. Anasema hakikuwa kiburi tupu. Ulikuwa unangoja mtu afike, asimame, ageuze shingo bila kuombwa. Hakuna aliyefika.

Tarehe nne Machi ilikuwa siku ya kumi na nne hapo Daraja la 114. Kutoka hapo mbele ni msitu, mwendo wa saa nzima kwa miguu bila barabara. Kila mmoja wetu aliyeshika kamba alilijua hilo. Ossie peke yake ndiye aliyefungua kinywa: "Shemeji, tumvute kweli?" Nerys akakutazama. Ukanyanyua kidole dirishani, kama ulivyozoea kwenye malango ya maji. Twende.

Tukavuta, Hedley. Hilo ni kosa letu na hatumpi mwingine. Wiki ile mkaguzi hakupita hata mara moja. Tulimtii mtu ambaye hakuwepo.

Siku ya tano baada ya hapo pumzi ikakukatikia. Gari la wagonjwa lilifika darajani likasimama. Halikuwa na njia zaidi. Tukaung'oa ubao wa kupandia botini, tukakulaza juu yake, tukakubeba kwenye matope. Nerys alitembea ubavuni pako ameushika mguu wako, maana penye mkono wabebaji walikuwa wamebanana. "Msinitose," ulimwambia Thirza, "nimevaa soksi mpya." Ukafa tukiwa tumeshaliona daraja.

Hatukusema haya msibani. Tunayasema sasa kwa sababu ni zamu ya Nerys.

Moyo wake umechoka, miguu imevimba. Ameirudisha boti Daraja la 114 kwa sababu muuguzi hufika pale kwa gari mara mbili kwa wiki. Na yeye, tofauti na wewe, ameandika. Barua ina sahihi ya daktari. Jibu lilikuja Jumatatu: ombi linashughulikiwa, na mpaka liamuliwe, sheria iko palepale. Jumamosi hii siku ya kumi na nne inakwisha.

Alipolisoma alilikunja, akaliweka chini ya birika. "Sisogei," alisema. "Mzee nilimruhusu asogezwe. Mimi watanikuta hapa."

Kamba hatutaishika tena. Thirza ameifukia kwenye boti ya Ossie, chini ya makaa. Lakini mkaguzi wa sasa hana daftari, ana simu. Anaielekeza kwenye namba, anapiga picha, picha inakwenda ofisini, na kuanzia hapo barua za kumng'oa mjane wako zinajiandika zenyewe. Simu haina shingo, Hedley.

Unakumbukwa na mkeo Nerys, anayelala upande wake wa kitanda na kuuacha wako, na binti yako Gwenda, anayekuja kila Ijumaa na pai ya nyama ambayo bado anaikata vipande vitatu, na mdogo wako Thirza, na Ossie, na watu wa boti sita walioshika kamba na wanaojuta. Maadamu maji yamo mferejini, jina lako litatajwa.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, usikunje gazeti. Mkaguzi atapita Jumapili saa nne asubuhi. Namba ya boti imeandikwa ubavuni, karibu na usukani. Migongo mitatu inatosha kuiziba, lakini tunataka thelathini. Shuka ngazi za daraja. Ipe boti mgongo, simama uisifie ile nguzo ya umeme, na usiondoke mpaka aondoke yeye. Njoo na mbwa wako.