Aliyepuliza Filimbi Aseme Mwenyewe

Ndani ya Kenta ya Mjomba, mbugani
Jumapili, saa tatu asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Habari za Njombe? Kifua cha Bibi kimepoa, au baridi bado inamsumbua? Viazi vya bondeni mmeshapanda? Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, daftari langu la Jiografia nimeliegemeza kwenye usukani. Mimi sina homa wala jeraha, nakula na nalala, kwa hiyo usishtuke kabla hujamaliza kusoma. Ila Mama, nimekwama. Leo ni siku ya tatu. Kesho saa mbili asubuhi wenzangu wa kidato cha nne wanaingia kwenye chumba cha mtihani wa taifa kule Geita, na mimi nipo katikati ya matope, sijui nitatokaje.

Ninaandika kwa sababu simu anayo Mjomba, na hata ningekuwa nayo mimi, unajua nilivyo. Ningesema "hatujambo", halafu ningekaa kimya mpaka salio liishe.

Nianze mwanzo. Unajua kwamba Mjomba Festo hununua mchele Kagongwa na kuuleta Geita kwa lori lake dogo, ile Kenta. Anayeuchagua siku zote ni mke wake, Mama Jeni. Yeye hutafuna punje mbili tatu, akajua kama ni mchele mpya au wa zamani uliochanganywa. Sasa Mama Jeni amejifungua wiki iliyopita, mtoto wa kiume, wote wazima. Alhamisi jioni Mjomba akaniambia, "Yusta, kesho alfajiri twende Kagongwa. Mama Jeni amekufundisha kuchagua mchele. Ni kwenda na kurudi."

Mama, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Ratiba ya mtihani nimeibandika sebuleni kwa Mjomba pale Kalangalala, karibu na kalenda, kila mtu anaiona. Nilitaka kusema, "Mjomba, Jumatatu naanza." Nikasema, "Sawa Mjomba." Nikatia madaftari kwenye mfuko, pamoja na blanketi la Bibi kwa baridi ya alfajiri.

Kagongwa mambo yalikwenda vizuri. Shida ilianza tulipokuwa tumeshapakia, tunarudi. Dalali mmoja akamwambia Mjomba kuna mkulima ng'ambo ya mbuga ana magunia sita ya mchele mzuri, anataka kuyatoa haraka. "Njia kavu kabisa, unapita hata na viatu vya kanisani," alisema dalali, lakini yeye mwenyewe hakupanda gari.

Kwetu ukisema mbuga mtu anafikiria simba. Huku mbuga ni nchi tambarare ya udongo mweusi, wanakolima mpunga. Nimeusoma udongo huo. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono, ukilowa unavimba na kuvuta kama ugali ambao haujaiva. Tulipoiacha barabara niliona nyufa zimeshaanza kujifunga, na mbele ndege weupe wamesimama kwenye maji. Nilijua, Mama. Ukurasa wenyewe niliuona kichwani, hadi mchoro wake. Masanja, utingo wetu, alikuwa amelala juu ya magunia, kwa hiyo wa kusema nilikuwa mimi peke yangu. Nilimtazama Mjomba. Alikuwa anapiga mluzi. Nikanyamaza.

Gari lilikwenda kama hatua mia moja, likateleza upande, likakaa. Mjomba akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale, yakajichimbia, matope yakaruka mpaka kwa Masanja, ambaye ndipo alipoamka.

"Bosi, tumefika?" akauliza.

"Shuka usukume!"

Tulisukuma. Tulikata matawi ya miiba tukayatia chini ya magurudumu, yakamezwa yote kama mchicha. Mjomba akaleta jeki. Badala ya gari kupanda, jeki ikashuka. Wakang'oa ubao wa bodi wakauweka chini ya jeki, ubao ukavunjika, jeki ikapotelea huko huko. Masanja aliingiza mkono mpaka kwapani akiitafuta. "Iacheni," akasema, "na yenyewe imekwenda kuchimba dhahabu." Mjomba hakucheka. Tukashusha magunia yote, tukayapanga juu ya kichuguu kimoja kikubwa kilicho karibu, tukayafunika kwa turubai. Mimi nilikuwa nashika pembe za magunia tu, lakini mgongo unaniuma hadi leo.

Masanja akaondoka kutafuta mawe. Mbugani hakuna jiwe hata moja, kwa hiyo alikwenda mbali. Mjomba aliwahi kufanya kazi kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na anasema huko filimbi ndiyo simu yao. Wa juu akipuliza, wa chini anajua kamba inavutwa. Mpaka leo filimbi yake ya huko imefungwa kwenye ufunguo wa gari. Alikuwa amelala chini ya gari anachimba kwa mikono, akaniambia, "Yusta, mpulizie Masanja arudi."

Nilipuliza mara tatu, ndefu. Nikuambie ukweli, nilifurahi kupewa kazi isiyohitaji maneno.

Mara kutoka kwenye miti ya mbali nikasikia filimbi nyingine inajibu. Halafu nyingine upande wa kushoto. Halafu yowe. Masanja akatokea anakimbia, hana jiwe, hana kiatu kimoja.

"Nani kapuliza? Nani?"

"Mimi," nikasema.

"Gashi! Yusta, umeita jeshi zima!"

Akatueleza huku anahema. Vijijini huku filimbi ni ya sungusungu, walinzi wa kijiji. Maana yake ng'ombe wameibwa au mtu anauawa. Anayeisikia anaacha kila kitu na kukimbia, na asiyekwenda anatozwa faini. Anayeipuliza bila sababu naye vilevile. Mjomba ameishi Geita miaka yote hiyo, lakini ameishi mjini, hakuwa amewahi kuyaona haya.

Walitoka kila upande, Mama. Wanaume wenye fimbo, mzee mmoja na upinde, wanawake wenye majembe, baiskeli zimebebwa mabegani. Mwanamume mmoja alikuwa na kaptula tu, na povu la sabuni kichwani. Mbele yao alikuwa mtu mfupi, mpole wa sura, ambaye wote walimpisha. Ndiye kamanda wao, wanamwita Baba Kulwa.

"Ng'ombe wamepita wapi?" akauliza.

Mjomba akatoka chini ya gari. "Mzee wangu, hakuna ng'ombe. Ni gari tu hili..."

"Ni wewe uliyepuliza?"

"Hapana, lakini mimi ndiye mwenye..."

"Basi nyamaza kidogo. Aliyepuliza aseme mwenyewe. Ndivyo tunavyofanya."

Wote wakanigeukia. Sijui umati ulikuwa wa watu wangapi, sikuweza kuinua macho. Niliona miguu tu, miguu mingi yenye matope.

"Ni mimi," nikasema. "Tumekwama."

Kisha yule wa sabuni akasema, "Nimekimbia na povu masikioni kwa ajili ya Kenta?"

"Na uji wangu saa hizi umeshakuwa ugali," akasema mwanamke mmoja, wakacheka. Baba Kulwa peke yake hakucheka.

"Endelea, binti."

Hakuna kilichotoka. Alisubiri kwa heshima kabisa, mpaka nikatamani anigombeze. Mwishowe akasema, "Haya. Utamalizia kwenye mkutano, Jumatatu asubuhi. Kabla ya hapo usiondoke hapa kijijini."

Jumatatu asubuhi! Nikaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Pamoja na hayo hawakutuacha. Wakaleta ng'ombe wa kulimia, jozi mbili, wakafunga mnyororo kwenye bampa la mbele. "Oyaa!" Ng'ombe wakavuta, gari likatikisika, Mjomba akaanza kushangilia, na hapo bampa likang'oka. Ng'ombe walipoona mzigo umekuwa mwepesi wakaondoka nalo mbio, likipiga kelele nyuma yao, nusu ya kijiji ikiwafukuza. Masanja alikaa chini kwenye maji akacheka mpaka akalia. Jioni mvua ikanyesha. Jana asubuhi chesisi ilikuwa imelala juu ya matope.

Usiku nalala kwa Baba Kulwa, pamoja na mke wake na mabinti, wamenipokea vizuri sana. Sungusungu wanalinda magunia mpaka kuche, na asubuhi narudi hapa. Jana Mjomba na Masanja waliondoka kwa miguu kwenda kutafuta trekta. Kabla hawajaondoka nilijikaza. Nikasema, "Mjomba, mtihani."

Akanitazama kama mtu aliyeguswa kidonda. "Mtihani upo kila mwaka, Yusta. Mchele ukilowa, umeoza. Usiku lala kwa Baba Kulwa, mchana kaa humu uangalie magunia, usiondoke mpaka nirudi."

"Sawa Mjomba."

Hajarudi. Kioo cha upande wangu hakishuki, joto linapanda, na nimesoma madaftari yote mara mbili. Nikifumba macho naona dawati langu, lina karatasi juu yake, na hakuna mtu. Naona Mama Kulwa anakuja na bakuli. Niishie hapa kwanza.

Saa kumi jioni, kibanda cha chai kando ya lami

Mama, mambo mengi yametokea tangu mstari huo wa juu. Naandika haraka, nasubiri basi.

Mama Kulwa alikuwa ameniletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Akaona daftari.

"Unamwandikia nani kurasa zote hizo?"

"Mama."

"Unamwambia nini?"

Nikasema, "Kwamba kesho nina mtihani."

"Wa nini?"

"Wa kidato cha nne. Wa taifa."

Akaweka bakuli juu ya boneti polepole. "Siku ile ulisimama mbele ya watu wote. Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa."

"Yesu wangu! Ungeulizwa na nani? Nani hapa anaijua ratiba yako?"

Akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, mpaka kanisani, watu ndio kwanza wanatoka ibadani. Baba Kulwa alisikiliza, akajikuna kidevu. Akasema sheria haiwezi kuvunjwa, lakini siku ya mkutano waliipanga wao wenyewe, na watu wapo hapa. Akawaambia wakae.

Nilianza kwa kutaja jina langu, kama tunavyofundishwa kwenye mdahalo, ambako sijawahi kuzungumza hata mara moja. Nilishika ukingo wa benchi. Nilisema kwamba filimbi niliipuliza mimi kwa kutojua, na naomba radhi kwa waliokimbia. Nilisema kesho nina mtihani niliousubiri miaka minne. Nikasema hata kile ambacho hakuna aliyekijua, kwamba udongo ule niliutambua kabla hatujaingia, nikanyamaza, kwa hiyo kukwama kwenyewe nina sehemu yangu. Hapo nikakaa, nilikuwa nimemaliza.

Yule mtu wa sabuni akasema, "Leo sina povu masikioni, nimesikia vizuri." Walinong'onezana. Uamuzi wao ukawa huu: gunia moja la mchele litolewe, lipikwe, liliwe na wote walioikimbilia filimbi, halafu niende zangu.

"Mchele si wangu," nikasema.

"Basi msubiri mwenye nao," akajibu Baba Kulwa. Hakusema kwa ukali. Ndivyo ilivyo tu.

Nilirudi mpaka kwenye kichuguu, nikasimama mbele ya lile turubai muda mrefu. Niliangalia njia aliyoondokea Mjomba. Hakuna mtu, hakuna mlio wa trekta. Kisha nikafungua kamba, nikatafuna punje za magunia matatu, nikachagua lililo zuri, wakalibeba. Mama Kulwa akavuta kigoda akakaa pale pale. Alisema hakuna kuku atakayegusa yaliyobaki mpaka Mjomba arudi, na ufunguo wa gari nilioachiwa atampa yeye mkononi.

Baba Kulwa amenileta kwa baiskeli. Matope yalijaa kwenye magurudumu, kwa hiyo tuliibeba sisi zaidi ya yenyewe kutubeba. Alipogeuka kurudi aliniambia, "Andika vizuri."

Mama, kutoka mbugani nimetoka, lakini shida haijaisha. Mjomba ananisomesha, nalala kwake, nakula kwake. Akirudi atakuta nimeondoka bila ruhusa na gunia limeliwa. Anaweza kunifungia mlango kabla karatasi za mtihani hazijaisha. Nimeshafikiria; nitamwomba mwalimu wangu wa malezi anihifadhi bwenini. Nitamwomba kwa mdomo. Nakuomba jambo moja. Akikupigia simu, usimwombe radhi kwa niaba yangu, na usiseme ni utoto. Radhi nitamwomba mwenyewe, ana kwa ana, nikimaliza karatasi ya mwisho.

Nisalimie Bibi, mwambie blanketi lake ndilo nililojifunika siku zote hizi. Msalimie kaka Amosi huko kwenye mashamba ya chai, na mdogo wangu Rehema, asiguse vitabu vyangu vya sandukuni ila kama anavisoma. Nisalimie na Baba Mdogo aliyenipeleka stendi.

Basi limeonekana, mwenye kibanda ameshasimama kulipungia mkono. Barua hii nitaitia posta kesho nikitoka kwenye mtihani. Nadhani Mjomba atakuwa ameshakupigia kabla haijakufikia. Akikuuliza nani alinituma kufungua lile turubai, mwambie sikutumwa na mtu.

Binti yako akupendaye,
Yusta